Saba na Nusu, Bila Kitu

Marume,

Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, nje ya banda la nyavu. Mama Neema ndiye aliyenilazimisha. Alisema kiti kisikae bure kama vile tunakiogopa. Nimekaa pembeni tu, kama mgeni aliyeambiwa subiri.

Ni wiki ya sita tangu tukuzike. Hapa Kapalamsenga kila mtu alikuita Fundi, hata mkeo Mama Neema, lakini mimi nitakuita Marume, mjomba kwa Kirundi cha nyumbani, kama Mama alivyonifundisha nikiwa bado sijajua maneno mengine. Wewe ulikuwa kaka yake wa pekee. Sina mwingine wa kumwita hivyo, kwa hiyo neno lenyewe limebaki halina kazi. Naliandika hapa ili nilitumie.

Kuna jambo nataka kukuungamia. Nianze kwanza na habari za nyumbani, maana nikianza nalo sitafika mwisho.

Mama Neema amerudi kazini. Ule wavu wa dagaa uliouacha umening'inia nusu, ameumalizia yeye kwa sindano yako. Mafundo yake ni madogo kuliko yako na anayakaza sana. Wateja wanaona, lakini hawasemi. Neema bado anauliza utarudi lini kutoka Mpanda. Alikuona ukipanda gari kwenda hospitali, na kwake Mpanda ni mahali ambapo watu wanakwenda halafu wanarudi na mkate. Alikuwepo kaburini, alitupa udongo kama sisi, na bado anauliza. Sisi wakubwa tunatazamana, halafu mmoja anamtuma maji.

Mimi bado niko hapa. Mama alitaka nirudi naye Misunkumilo tusaidiane shambani, kwa kuwa shule imeisha. Nikamwomba anipe muda. Aliniangalia sana. Akasema, "Kaa. Lakini usikae kwa kulia." Nakaa, na kulia nalia pia, ila naenda mbali kidogo.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo. Ulidhani sijui kuogelea kwa sababu nilikuwa sisemi. Nyie watu wa maneno mengi mnadhani mtu akinyamaza basi hajui chochote. Halafu siku ile boya likakatika kwenye wavu wa Mzee Zabroni, likaanza kwenda zake, na wanaume wamesimama ufukweni wanabishana nani aingie. Nikaingia na nguo zangu zote nikalileta. Nilikuwekea mkononi nikakimbia kujificha nyuma ya vichanja vya dagaa. Ukanifuata huko huko unacheka: "Kumbe wewe maneno yako yote yako mikononi!"

Ni kweli majini sikuwa na aibu. Majini hakuna anayekuuliza swali ukashindwa kujibu. Darasani nilikuwa najua jibu na bado nasubiri mwingine alitaje.

Baadaye mtu akakuonyesha video kwenye simu yake, waogeleaji wa nchi za mbali na vifaa vyao vya mazoezi, na tangu siku hiyo hukutulia. Ulisema, "Hivi vyote ninavyo bandani. Sema vyenyewe havijui kama ni vifaa vya kuogelea."

Viganja vya kuvaa mikononi ulivikata kwenye ubavu wa dumu la njano, ukavitoboa matundu, ukapitisha mpira wa tyubu ya pikipiki wa kushika vidole. Boya la kubana mapajani lilikuwa maboya mawili ya wavu yaliyofungwa pamoja. Kibao cha kushikilia wakati wa kupiga miguu kilikuwa mfuniko wa kasha la barafu. Suruali yako ya jinzi uliikata miguu ili niivae, inywe maji na kunivuta nyuma. Mapezi ya miguuni yalikuchukua muda kuliko vyote: soli za ndala, tyubu, na plastiki ya beseni la Mama Neema, ambalo alilitafuta wiki nzima na wewe ukamsaidia kulitafuta.

Wavuvi walipata kitu cha kuchekea kila siku. "Fundi, mtoto umemfunga maboya kama wavu, leo utamtoa na dagaa kiasi gani?" Na wewe bila kugeuka: "Nyie vueni dagaa. Mimi navua sekunde." Nilikuwa natamani ziwa linifunike. Ulinigeuza mabega nikaangalia majini, ukasema taratibu, "Hao wasikilize kwa mgongo."

Uliniambia kila kifaa kina kazi yake na kina uongo wake. Nilidhani ni maneno yako tu ya kuchekesha. Viganja vinashika maji mengi, kila mvuto unakupeleka mbali, lakini mikono inazunguka polepole, na ukizidisha bega linaanza kulalamika. Boya linainua kiuno, mwili unalala juu ya maji kama ubao, na mtu ambaye miguu yake inazama, kama mimi, anajiona amekuwa samaki. Ukilitoa, miguu inarudi chini kule kule. Jinzi inakupunguza mwendo, na ukiivua unahisi umefunguliwa minyororo, lakini saa inasema umeongeza kidogo tu. Na mapezi ndiyo matamu kuliko vyote. "Yanakukimbiza," ulisema, "lakini anayekimbia ni mapezi."

Niliyapenda hayo mapezi, Marume. Nadhani uliliona hilo.

Ndiyo maana kila wiki ulinidai asubuhi moja ya kuogelea bila kitu. Taiti na fulana, basi. Niliichukia asubuhi hiyo. Maji yalikuwa mazito kama uji, miguu inaning'inia, na namba zinatoka mbaya.

Halafu likaja lile tangazo kwenye ofisi ya kata, kwamba wanatafutwa vijana wa kufundishwa uokoaji majini, na wasichana pia waje. Mtihani ungekuwa Mpanda, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli: mita mia nne, chini ya dakika nane, bila kifaa chochote mwilini. Ulirudi nyumbani umelikunja mfukoni. Nilidhani umenakili, kumbe umelibandua kabisa ukutani. Mama Neema akakwambia urudishe, na wengine wasome. Ukasema wengine wana miguu mizuri tayari, huyu wetu ndiye anayehitaji karatasi. Kesho yake ukalirudisha.

Njia yetu ilikuwa kutoka kile kigingi ulichokichomeka majini mpaka kwenye mtumbwi wa Mzee Zabroni uliotia nanga. Uliipima kwa kamba ya wavu mchana mmoja ambao ziwa lilikuwa limelala kabisa. Ikatoka mita mia. Ulifurahi kama vile ziwa limekupangia. Kwenda na kurudi mara mbili, mia nne zimetimia.

Bila kitu, asubuhi, nilikuwa napata nane na nusu, nane na sekunde arobaini. Na mapezi na viganja, jioni baada ya kuanua dagaa, nilikuwa napata sita na nusu. Uliandika yote kwenye lile daftari dogo. Siku moja ukaweka alama kubwa ya kuuliza pembeni, ukakaa unaiangalia. "Dakika mbili nzima? Hivi dumu na tyubu zinaweza kumpa mtu dakika mbili nzima?"

Wewe ulikuwa unauliza kuhusu vifaa. Mimi nilisikia kwamba bila vitu ulivyonitengenezea, mimi si kitu. Nilibaki nalo hilo ndani, na hukuwa na namna ya kulijua.

Kisha tumbo lako likaanza kujaa na macho yakawa ya njano. Mama alikuja kukuchukua mkaenda Mpanda hospitali, akabaki huko kukuuguza, na mimi nikabaki hapa kumsaidia Mama Neema. Ulikuwa umeshaingia kwenye gari ulipoteremsha kioo. Hukusema kwaheri. Ulisema, "Asubuhi moja kila wiki. Bila kitu. Uniambie."

Nikaitikia kwa kichwa.

Marume, sikuogelea bila kitu hata mara moja. Wiki ya kwanza nilisema kesho. Wiki ya pili mvua ilinyesha asubuhi ile, nikashukuru. Nilikuwa nashuka jioni, navaa mapezi na viganja, naweka simu yako juu ya jiwe ihesabu, naogelea mpaka mtumbwini na kurudi mara mbili. Nilikuwa najiambia ni mazoezi. Lakini nikivaa vile viganja nilikuwa naona bado kuna mkono wako kwenye mkono wangu. Na nilikuwa naogopa namba ya asubuhi. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Ulipopiga kwa simu ya Mama, sauti yako ilikuwa ndogo mpaka nikadhani ni mtu mwingine. Hukunisalimia. Ulisema, "Konso. Ngapi?"

Jana yake jioni nilikuwa nimepata sita na nusu, na mapezi. Nikaongeza dakika moja ili uongo ufanane na ukweli. Nikasema, "Saba na nusu."

"Bila kitu?"

"Bila kitu, Marume."

Halafu nikakusikia unacheka, kile kicheko chako cha pumzi, na unamwambia mtu wa kitanda cha pili, "Saba na nusu! Bila kitu! Kama alivyozaliwa!" Mama akasema kwa mbali usijichoshe. Ukasema, "Niache nijichoshe." Simu ikakatika.

Sikukusikia tena. Asubuhi ya siku ya tatu simu ililia, na aliyekuwa anapiga ni Mama mwenyewe, siyo wewe, nikajua.

Sasa sikiliza yaliyotokea kwenye mazishi, maana wewe ulikuwepo lakini hukuyaona. Watu walijaa mpaka kwenye vichanja. Mama akasimama kueleza siku zako za mwisho. Alisema hukufa na huzuni. Alisema kila nesi aliyeingia ulimshika mkono ukamwambia, mpwa wangu, saba na nusu, bila kitu. Alisema hata daktari ulimwambia. Watu wakageuka kunitafuta kwa macho. Wanawake wawili wakapiga vigelegele kidogo, kisha wakakumbuka ni msiba. Mimi, ambaye nikitazamwa na watu watatu nasahau jina langu, nilitazamwa na kijiji kizima kwa sababu ya uongo.

Na lile daftari likarudi kwenye mfuko wa nguo zako. Nililifungua nyuma ya banda. Mwandiko wako ulikuwa unatetemeka, lakini umeandika: 7:30, bila kitu. Umepiga mistari miwili chini yake. Kwenye ukurasa wa nyuma, ile alama ya kuuliza umeifuta kwa kidole. Inaonekana kivuli chake tu. Uliona swali limejibiwa, Marume. Nilikufungia swali ambalo ulikuwa bado unalihitaji.

Kwetu, siku ya kuanua matanga watu hawali tu wakaondoka. Inaulizwa, nani ana kitu cha marehemu, au ana neno lililobaki kati yake na marehemu, aliseme leo mbele ya wote, aondoke akiwa mwepesi. Kwa kuwa ndugu zetu wengi wako mbali, Mishamo, Mzee Zabroni alisimamia, maana mtumbwi wake na nyavu zake vimepita mikononi mwako miaka yote. Mmoja akarudisha sindano mbili za nyavu. Mwingine akasema ana panga lako, na Mama Neema akamwambia abaki nalo, ulikuwa unalilalamikia halikati. Watu wakacheka kidogo.

"Mwingine?" Mzee Zabroni akauliza.

Nilikuwa nyuma kwenye masufuria. Nikasimama. Mama mmoja akaniambia, "Konso, ukienda lete chumvi." Nikasema siendi kwenye chumvi. Nikasema nina neno. Sauti ilitoka ndogo, Mzee Zabroni akaweka mkono sikioni. "Nani kasema?" Ikabidi nirudie. Nilirudia mara tatu, na kila mara walikuwa wamenyamaza zaidi, mpaka mara ya tatu niliweza kusikia moto.

Nikasema: "Haikuwa saba na nusu. Nilivaa mapezi. Bila kitu sikuogelea kabisa. Nilimdanganya Marume akiwa hospitali, akafa anaamini."

Mama Neema ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kitu. Aliuliza, "Mapezi gani?" Alikuwa hajawahi kuyaona kwa karibu, wewe ulikuwa unayaficha juu ya dari la banda. Mtu akaenda kuyaleta. Akayageuza, akaona ua jekundu la pembeni. "Kumbe beseni langu!" Akalia na kucheka kwa pamoja, akayakumbatia. "Mwanaume huyu! Na alinisaidia kulitafuta!"

Mzee Zabroni akaniuliza, sasa ya kweli ni ngapi. Nikasema sijui, zamani asubuhi nilikuwa napata nane na nusu mpaka nane na sekunde arobaini.

"Asubuhi. Na hizo za mapezi?"

"Jioni."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kigingini mpaka kwenye mtumbwi wako."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nyie! Nyie watu wawili! Mtumbwi wangu unazunguka pale kama mbuzi kwenye kamba! Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unausukuma kule ziwani. Jioni unatoka ziwani, unauleta huku. Na kamba ya nanga nimeiachia ndefu! Kila kurudi na kwenda, asubuhi unaongezewa safari, jioni unapunguziwa!" Wavuvi wote wakaangua kicheko, maana kila mtu hapa analijua hilo, hata Neema. "Fundi! Mtu umekaa na nyavu maisha yako yote, unakwenda kupima kwa kitu kinachoelea!" Alikuwa anakusema kama vile umekaa mbele yake. Halafu kicheko kikamgeukia, akavua kofia akajifuta nayo macho. "Fundi wangu mimi," alisema. "Angeniuliza tu."

Mimi pia nilicheka. Naomba unisamehe, nilicheka siku ile. Hata wewe ungecheka kuliko sisi wote.

Mama hakucheka. Jioni tulipokuwa tunasugua masufuria alisema sentensi moja tu. "Alimwambia hata daktari." Akaendelea kusugua mahali pale pale palipokuwa pameshatakata.

Asubuhi yake Mzee Zabroni akaja na wenzake wawili na kamba. Hawakuelekea ziwani, walipima sambamba na ufuko, mita mia, kigingi kwa kigingi, vyote viwili vimechomekwa mpaka chini kwenye udongo. Mzee Zabroni akavitikisa kwa mikono kuonyesha haviendi popote. Mama akatoka ndani na kitenge chake cha msiba, akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikampa simu yako. Nikamwonyesha pa kubonyeza.

Marume, niliingia bila kitu.

Maji yalikuwa mazito vilevile. Mita mia ya kwanza niliogelea kwa hofu, miguu ikazama kama kawaida yake. Kwenye ya pili nikakumbuka lile boya, mahali lilipokuwa linakiweka kiuno changu, nikakisogeza pale mwenyewe kwa kukandamiza kifua kama ulivyokuwa unapiga kelele ufukweni. Kikakaa. Siyo kama kwa boya, lakini kikakaa. Mikono nayo ilikuwa inajua pa kushika maji, kwa sababu ya viganja. Sikujua kama inajua. Vile vitu vilikuwa vimeshaingia mwilini kitambo na mimi nilikuwa bado naogopa kuvivua, kama mtoto anayeshika ukuta na tayari anatembea. Kwenye ya nne kifua kiliwaka, na nilikuwa nalia ndani ya maji, na niligundua kwamba kulia majini kunapoteza pumzi, nikaacha.

Niligusa kigingi. Mama alibonyeza. Aliiangalia simu muda mrefu, kisha akampa Mzee Zabroni asome yeye, kama hayaamini macho yake. Mzee Zabroni akasoma kwa sauti: dakika saba, sekunde hamsini na sita.

Watu wakapiga makofi. Mama akakaa kwenye mchanga, pale pale, na kitenge chake. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana yake, akasema, "Kwa nini hukumpa hii? Angeifurahia hii hii."

Labda siku ile ya simu ingekuwa nane na sekunde kidogo, labda mbaya zaidi. Sitajua kamwe, kwa sababu sikuingia majini. Lakini ungeniuliza ilikuwa asubuhi au jioni. Nakujua. Ungeichora ile alama ya kuuliza tena, ungelala hapo kitandani unaifikiria, na huenda ungeupata ule mtumbwi mwenyewe, ungecheka na mtu wa kitanda cha pili. Nilikunyima hiyo. Watu wananiambia ulikufa na furaha, mtoto, usijiadhibu. Mama Neema anasema hivyo kila siku. Naelewa wanachomaanisha. Lakini furaha ile ulipewa na mapezi, na mimi ningeweza kukupa ya kwangu.

Ile namba kwenye daftari sijaifuta. Ni mwandiko wako wa mwisho, sina haki ya kuugusa. Nimeandika chini yake kwa kalamu: 7:56, bila kitu, kigingi kwa kigingi, Mama ameshika saa. Zimekaa pamoja, yako na yangu. Nikifungua naona zote mbili, na inauma, na naona ni sawa iume.

Vifaa havijatupwa. Nilifikiri kuvichoma, Mama Neema akasema beseni lake likiharibiwa mara ya pili ataniua. Jumanne natumia boya na viganja, muda mfupi, kisha navua palepale na kuogelea bila kitu nikiwa bado nakumbuka mwili ulivyokaa. Jinzi naivaa nikitaka kuchoka. Mapezi mara chache. Kila kimoja nakiambia, najua kazi yako, na uongo wako nao naujua.

Juma lijalo naenda Mpanda. Mtihani ni Alhamisi. Mama atanisubiri stendi. Wanasema bwawa lina kuta za vigae, na maji yake unaona mpaka chini. Sekunde nne tu ndizo nilizonazo za ziada, na najua watakuwepo watu wengi wananitazama, na sijui mwili wangu utafanya nini wakinitazama. Naogopa, Marume. Nilidhani nikishasimama siku ile ya matanga aibu itaisha. Haikuisha. Ila sasa najua inawezekana kusema huku nikiwa nayo.

Mzee Zabroni ananiita nishuke, upepo umetulia. Nakuacha hapo ulipo. Pumzika, usijichoshe tena kwa ajili yangu. Asante kwa mikono yako. Asante kwa zile asubuhi nilizozichukia.

Nakuahidi jambo moja tu. Nikitoka kwenye bwawa lile watasoma namba. Nitaileta kaburini kwako nikiwa peke yangu au watu wakiwepo, nitaitaja kwa sauti, ilivyo. Ikiwa saba na hamsini, nitasema saba na hamsini. Ikiwa nane na sekunde moja, Marume, nitakwambia nane na sekunde moja.

Mpwa wako,
Konsolata